Katani Kwenye Maungio ya Bomba

Ilikuwa sauti ya kukaanga. Dagaa wakitupwa kwenye mafuta ambayo hayajapata moto sawasawa hutoa sauti ya namna ile: mchirizo mwembamba unaokatika, ukarudi, kisha kimya. Niliisikia nikiwa nimesimama kwenye korido ya zahanati ya shamba la mkonge, asubuhi ya mvua, birika la maji yaliyochemshwa likiwa mkononi mwangu, na jambo la kwanza nililofanya ni kugeuka kutazama mlango wa jiko. Jiko lilikuwa ng'ambo ya ua. Hapakuwa na mtu aliyekaanga chochote. Sauti ilitoka ukutani, kimo cha bega langu, kwenye kasha la chuma lenye swichi ya wodi ya wazazi.

Yafaa nieleze nilikuwa nikifanya nini pale. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni na shahada ya kwanza ya kemia, na chuo kilikuwa kimenikubalia utafiti wa shahada ya pili juu ya katani: unyevu kiasi gani huingia katika nyuzi za mkonge zikihifadhiwa katika hewa ya pwani, na unyevu huo hufanya nini kwa uimara wake. Shamba lililonipa chumba cha kufanyia kazi lilikuwa kusini mwa Tanga, kati ya barabara ya Pangani na bahari, karibu na maji kiasi kwamba bawaba za mlango wangu ziliota kutu kabla masika hayajaisha. Chumba hicho kilipakana na zahanati. Nilipima nyuzi, nikazikausha, nikazipima tena. Tangu asubuhi mpaka jioni korona, ile mashine kubwa ya kuchuna majani ya mkonge, ilitikisa sakafu chini ya mizani yangu, na maji yake ya kijani, yanayowasha ngozi, yalipita mferejini nyuma ya dirisha yakinuka. Harufu ile iliingia kwenye mkate. Iliingia kwenye nywele. Nikienda Ngamiani, mjini Tanga, kununua mahitaji, wenye maduka walijua nimetoka kwenye mkonge kabla sijafungua mdomo.

Mkunga wa zahanati alikuwa mtu wa Ngamiani, mwanamke wa makamo, mwenye maneno mengi na mikono isiyotulia. Alinikuta pale koridoni nimeinamisha kichwa ukutani.

"Shikamoo, mama. Unaisikia hiyo sauti?"

"Marahaba, mwanangu. Sauti ipi? Aa, hiyo! Hiyo huimba kila mvua ikinyesha. Wewe masikio yako yamejaa vitabu, ndiyo maana unaisikia leo tu."

"Inatoka kwenye swichi."

"Ndiyo, kwenye swichi. Ulitaka itoke wapi, kwenye Msahafu?"

Akachukua mwiko uliokuwa umetundikwa kwenye msumari pembeni ya kasha. Ulikuwa mwiko wa kawaida wa kusongea ugali, mti mkavu, mweupe. Kwa ncha yake akakiinua kishikio cha swichi, polepole, kwa uangalifu wa mtu anayeonja mboga ya jirani asiyemwamini. Taa za wodi zikawaka. Akautundika mwiko mahali pake.

"Kwa nini mwiko, mama?"

"Kwa sababu mkono wangu naupenda. Ukilishika sanduku lile na mkono wa maji, linakufinya. Kuna mzazi mmoja wa kambi ya juu alifinywa, akanitukana mimi! Kadhani nimemchoma sindano kwa nyuma." Akacheka mpaka akashika kiuno. "Sasa wote wanajua. Mgeni akiingia, jambo la kwanza anaonyeshwa choo, la pili anaonyeshwa mwiko."

Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa. Nilijiambia kwamba watu wakishapata mazoea huacha kuogopa, na kwamba mgeni anayeogopa badala yao huwa ni mwoga tu. Kisha nikajiambia kwamba hoja hiyo ina kasoro. Alasiri nilitengeneza kipimo: glopu moja ndogo kwenye kishikizo chake na nyaya mbili fupi. Ncha ya waya mmoja nikaigusisha kwenye kasha, mahali ambapo rangi ilikuwa imebanduka. Ncha ya pili nikaigusisha kwenye bomba la chuma linalopitisha nyaya kutoka ukutani hadi ndani ya kasha lile lile. Vitu hivyo viwili vilikuwa vimeshikana kwa nati. Kwa haki vingepaswa kuwa kitu kimoja, na glopu ingepaswa kubaki giza.

Ikawaka. Haikuwaka kwa utulivu. Ilicheza pamoja na mtikisiko wa korona, nyekundu, njano, nyekundu.

Mtu mwingine angekimbia kumwita fundi. Mimi nilianza kuihoji glopu. Labda nyaya zangu zimegusana na kitu kingine. Labda ni unyevu wa ukuta. Labda mikono yangu imeharibu kipimo. Nilirudia, nikabadilisha ncha, nikarudia. Kila mara ikawaka. Sababu ya kurudia kiasi hicho naijua: fundi wa umeme wa shamba lile alikuwa mjomba wangu.

Mjomba ndiye aliyenilea. Baba alifariki nikiwa bado sijui kusoma, na ndugu huyo wa mama akanitoa kwetu Bondei akanileta hapo shambani, kwenye nyumba ya kazi, kwa mkewe, akanipeleka shule ya bweni kwa baiskeli, sanduku langu likiwa limefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Yeye ndiye aliyemwomba meneja anipe chumba cha utafiti. Kazi yake ya asili ilikuwa mabomba ya maji, aliyojifunza kwa Kalasinga mmoja mjini. Fundi wa umeme alipoondoka, meneja alimkabidhi mjomba funguo za nyumba ya mashine, yalimokuwa madainamo ya umeme, na watu walipomuuliza kama ataiweza kazi mpya, alijibu jibu lililokuja kujulikana kambi nzima: "Bomba ni bomba. Kinachobadilika ni kinachopita ndani."

Na kazi yake ilikuwa nzuri kutazama. Hilo lazima niliseme. Mabomba yake yalinyooka ukutani kana kwamba yamechorwa kwa rula. Vibano vya kuyashikilia vilipangwa kwa nafasi sawa, kila kimoja kimekazwa skrubu mbili, hakuna bomba lililoning'inia wala kuvuta uzito wake kwenye kasha. Meneja aliwaonyesha wageni kuta zile.

Jioni ile nilimkuta kwake, amenawa mikono kwa chakula. Mkewe alikuwa ameandaa bada, ugali wa muhogo, na mchicha wa nazi. Nikasubiri tonge la kwanza lipite.

"Mjomba, lile kasha la zahanati lina umeme."

"Kasha la umeme lina umeme." Akamgeukia mkewe. "Umesikia? Hiyo ndiyo shahada."

Mke wa mjomba akaziba mdomo kwa kanga akicheka.

"Namaanisha kwenye chuma chake, mjomba. Nje, mahali mtu anaposhika."

"Nani kashika?"

"Mkunga huwasha taa kwa mwiko."

 Mjomba akaendelea kula, lakini nilimwona akilikanda tonge moja mpaka likapoa mkononi.

Asubuhi yake alizima umeme wa upande ule, akalifungua kasha mbele yangu. Alikuwa na spana zake, tupa, na kitambaa begani. Alipoilegeza nati na kulichomoa bomba, nikaona kile ambacho nilikuwa nimekikisia usiku kucha na ambacho bado kilinishangaza. Kwenye hesi ya bomba, yaani ile mizunguko inayojipinda ndani ya nati, kulikuwa na katani. Ilikuwa imeviringishwa kwa ustadi, nyembamba, bila fundo, na juu yake rangi nyekundu ya risasi, nzito, iliyokauka ikawa kama ngozi. Ndivyo mafundi wa maji wafanyavyo. Maji huifanya katani ivimbe, ikaziba, na bomba halivuji. Shambani kwetu katani ilikuwa imelala kila mahali, bure, hata watoto walifungia mipira. Isingepita akilini mwa mtu yeyote kufunga ungio bila hiyo.

"Tazama ndani," akasema mjomba. "Gusa. Umeona tone? Hewa hii inakula misumari, inakula mabati, inakula hata kufuli. Ndani ya kasha langu hakuna tone."

"Ni kavu, mjomba. Naona."

"Basi."

"Lakini katani ikikaa kati ya bomba na kasha, chuma hakigusi chuma."

"Kigusane cha nini? Waya si upo ndani?"

 Nilikuwa nimepanga maneno, na yote yakaonekana marefu kupita kiasi. Nikamwambia kwamba katika shamba lile hapakuwa na waya wa pekee wa ethi, yaani wa kuupeleka umeme ardhini. Ethi yetu ilikuwa bomba lenyewe: kutoka kila kasha, ungio hadi ungio, mpaka nyumba ya mashine, ambako waya mnene wa shaba uliliunganisha na bamba lililozikwa ardhini. Waya wa ndani ukichubuka ukagusa kasha, umeme unapaswa kulikuta bomba pale pale, ukimbie kwa nguvu hadi nyumba ya mashine, na fyuzi ikatike. Hapo mtu angejua kuna hitilafu, na hakuna ambaye angeumia.

"Hapa fyuzi haikatiki," nikasema, "kwa kuwa njia imezibwa. Umeme unabaki kwenye kasha. Unamngoja mtu."

"Unamngoja mtu," akarudia. Akaitazama katani ile kwa muda. "Haya, mama, nifundishe. Mimi nimefunga mabomba tangu wewe hujaota meno. Nifanyeje?"

Aliliuliza swali hilo kwa namna ambayo sikuweza kujua kama ni unyenyekevu au ni tusi, na hata leo nikilifikiria siwezi kuamua. Nikamwambia. Akaikata katani kwa kisu. Akaikwangua rangi kwenye hesi, kisha akaikwangua rangi ya kasha kuzunguka tundu, nje na ndani, mpaka chuma kikang'aa. Akaweka nati upande wa nje na nati upande wa ndani, akazikaza zote mbili kwa spana mpaka kasha likalia. Mdomoni mwa bomba, ambapo ukingo wake ulikuwa mkali kama wembe na ulikuwa umeula mpira wa waya, akatia bushi, pete laini ya shaba. Waya uliochubuka akaufunga tepu. Alifanya yote hayo vizuri kuliko ambavyo ningeweza kueleza. Aliporudisha umeme nikaweka glopu yangu kati ya kasha na bomba. Giza.

"Umeridhika, daktari?"

"Nimeridhika, mjomba. Asante."

Mkunga alipopita aliuchomoa mwiko ukutani. "Narudisha jikoni," akasema. "Ulikuwa umeshasahau ugali."

Nilipata siku kadhaa za raha. Nasema raha, ingawa mvua haikukatika na nguo hazikukauka na watu wa kambi walikohoa usiku na mchana. Kisha mchana mmoja nilikuwa nikipima shada la katani iliyolowa. Katani kavu haipitishi umeme. Katani yenye unyevu hupitisha kidogo, kidogo sana, kiasi cha kutoa sauti ya kukaanga. Nilikuwa nimeyaandika hayo mwenyewe katika kazi yangu, kwa ajili nyingine. Nikaliweka shada mezani, na wazo likanijia.

Glopu yangu ilikuwa imeniambia jambo moja tu: kwamba kasha na bomba sasa ni kitu kimoja. Haikuniambia kwamba kitu hicho kimoja kimefika ardhini. Kati ya kasha lile na nyumba ya mashine kulikuwa na maungio mengine, kila mita chache, kila kona, kila kasha, na mjomba alikuwa ameyafunga yote kwa mkono ule ule na katani ile ile. Tulikuwa tumefungua mlango mmoja. Ikiwa waya ungechubuka tena popote pale, kile kilichokuwa kimekaa kwenye kasha dogo la koridoni kingetembea juu ya bomba lote mpaka kwenye ungio linalofuata. Bomba lile lilipita nyuma ya vitanda vya wazazi. Vitanda vilikuwa vya chuma, na vichwa vyake vililigusa.

Nilikuwa bado nimesimama nikiyapanga hayo, nikitafuta kosa katika hoja kwa sababu nilitaka liwemo, niliposikia ile sauti ya kukaanga. Safari hii ilitoka upande wa pili wa ukuta wangu, wodini. Kisha nikasikia sauti ya mkunga.

"Usimguse! Wewe, usimguse!"

Nilipofika mlangoni, mzazi mmoja alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu yake ikiwa sakafuni kwenye maji ya kupigia deki, na mkono wake wa kulia umelishika bomba la kichwa cha kitanda. Alikuwa amelishika kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na wezi. Mdomo ulikuwa wazi na haukutoa sauti. Mkunga alikuwa na kichanga cha mwanamke huyo kwenye mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akanyakua kigoda cha mti, akamsukuma mzazi kwa kigoda, kwa nguvu zote, begani. Mwanamke akaanguka upande wa pili wa godoro.

Alikuwa hai. Alipoanza kulia tulimshukuru Mungu, kila mtu wa kwake. Lakini mkono wake wa kulia ulikataa. Ulilala juu ya shuka kama kitu alichokiazima. Jioni mtoto alipotaka kunyonya, mkunga alikaa nyuma ya mama yule, akamshikia mtoto titini. Mume wa mwanamke huyo, mkata mkonge, alikuja akasimama nje ya dirisha kwenye mvua. Aliuliza kama mkono utarudi. Mkunga akamwambia, "Inshallah." Akauliza tena, akapewa jibu lile lile.

Mjomba alikuwa amekwisha kukata umeme wa upande ule. Nilimkuta kwenye nyumba ya mashine, ameegemea ukuta, spana mkononi, haifanyi kazi yoyote.

"Waya umechubuka wapi?" akaniuliza.

"Sijui, mjomba. Popote. Ndiyo shida yake."

"Mzima yule mama?"

"Mzima. Mkono hausikii."

Akatikisa kichwa mara nyingi, polepole, kama mzee aliyesinzia.

Nilikwenda kwa meneja mwenyewe. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema anasikitika, kwamba mama yule atapewa mapumziko, kwamba vitanda visogezwe mbali na ukuta, lakini umeme wa upande ule ndio uliozungusha pampu ya maji, na wenye shamba walikuwa wakitarajiwa kuja kukagua. Hawezi kuwaonyesha zahanati ya giza na matangi makavu. "Baada ya wageni," akasema, "mjomba wako atarekebisha. Mimi namwamini mjomba wako." Nikamweleza tena habari ya maungio. Akanitazama kwa huruma iliyonitia aibu, akasema nimechoka, nirudi nikapumzike.

Kesho yake mvua ilizidi. Niliposhika njia ya kwenda kazini nilimwona mjomba akinisubiri chini ya paa la banda la brashi, mahali wanawake walipokuwa wakisafisha nyuzi, vumbi jeupe la katani limemtua kwenye kofia na nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Simama kidogo." Akaniongoza mpaka mahali ambapo mashine zingezuia tusisikike. "Nimefikiri. Nitafungua maungio moja moja. Jumapili kwa Jumapili, kazi ikiwa imesimama. Nitakwangua yote, kama ulivyonionyesha. Hakuna atakayejua yalikuwaje."

"Na umeme?"

"Meneja kasema uwashwe mchana huu."

"Jumapili ni ngapi, mjomba? Kuna zahanati, kuna ofisi, kuna jiko la kambi, kuna banda hili. Hawa wote." Nikawaonyesha wanawake kwa kidevu. Bomba lilipita juu ya vichwa vyao, likishuka kwenye kasha kwa kila mashine, limenyooka, limepakwa rangi vizuri.

"Vitanda vimesogezwa."

"Na mikono itasogezwa wapi?"

 Nilijuta ukali ule mara tu uliponitoka. Alipoongea tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Najua unafikiria nini. Unafikiria kupiga simu Tanga, kwa mkaguzi wa umeme. Mkaguzi akija atazima shamba zima. Jambo la kwanza atauliza fundi ni nani. Nyumba ni ya kazi, unajua. Mke wangu ana ile presha yake. Nikitoka hapa, kwa umri huu, nani atanipa hata bomba la maji nifunge?"

"Mjomba, mimi sitaki..."

"Najua hutaki. Ndiyo maana nakuomba. Nipe mpaka mvua ziishe. Zikiisha, kuta zitakauka, hakuna atakayefinywa. Umesema mwenyewe, katani kavu haipitishi kitu."

Alikuwa amesikia sehemu ile ya maelezo yangu iliyomfaa, na alikuwa ameielewa kinyume. Katani kavu ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Ingenyamaza tu, isingekaanga, isingemwonya mtu. Nilifungua mdomo kumwambia hivyo, nikauona uso wake, nikaufunga. Akachukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Akanigusa bega, akasema, "Mungu akubariki, mwanangu," akaenda zake mvuani kwa hatua nyepesi kuliko alizokuja nazo.

Asubuhi ile sikupima chochote. Nilikaa mbele ya mizani nikipanga hoja katika safu mbili, nikijaribu kuwa mwadilifu kwa kila upande. Upande mmoja alikuwapo mjomba, na nilimjua: namna anavyokohoa kabla ya kubisha hodi, namna alivyoisukuma baiskeli kwenye mlima wa shule ili mimi nisishuke. Upande wa pili alikuwapo mtu ambaye hakuwa na uso. Huenda angekuwa mmoja wa wanawake wa brashi, au mpishi, au mzazi ambaye hata uchungu haujamwanza. Huenda asiwepo. Niliona kwamba akili yangu inalitumia neno hilo, huenda, kama mto wa kulalia. Kisha nikamsikia mtoto akilia ng'ambo ya ukuta, na mkunga akimwambia mama yake, kwa upole ambao sikuuzoea kwake, "Ngoja, ngoja nikushikie."

Mchana korona ilisimama kwa ajili ya chakula. Katika utulivu ule nilisikia dainamo la pili likianza kunguruma, na kupitia dirishani nikaona taa za wodi zikiwaka, manjano, ndani ya mvua.

Simu ya shamba ilikuwa ofisini, imetundikwa ukutani, ya kuzungusha kwa mkono. Karani alikuwa amekwenda kula. Meneja alikuwa kwake. Nilizungusha kishikio, na kiganja changu kilikuwa na jasho kiasi kwamba kiliteleza; ikanibidi nikifute kwenye gauni nianze upya.

"Tanga hapa," akasema msichana wa simu. "Nikupe nani?"

"Ofisi ya mkaguzi wa umeme, tafadhali."

"Ngoja. Laini mbaya leo, mvua. Usikate."

Nilingoja. Nilisikia mibofyo, sauti za watu wengine wakiuziana nazi kwa mbali, kisha kiti kikiburutwa, kisha mwanaume akitaja cheo chake. Alikuwa Mzungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabuni, kila silabi mahali pake. Nilimweleza kwa utaratibu: shamba lipi, kasha lipi, bomba ndilo ethi, maungio yote yamefungwa katani na rangi, waya umechubuka mahali pasipojulikana, mwanamke mmoja amekwisha kuumia, na umeme umewashwa muda mfupi uliopita. Hakunikatiza. Aliuliza kama nina hakika kuhusu maungio mengine, na kwa kuwa sikuwa nimeyafungua kwa macho yangu nikasema kwamba sina hakika ya kuona, nina hakika ya kumjua aliyeyafunga.

"Ukikata simu, nenda nyumba ya mashine, wazime sasa hivi," akasema. "Waambie ni amri yangu. Mimi natoka sasa. Jina la fundi?"

Nikalitaja.

"Na la baba yake?"

Nikalitaja la baba yake pia, ambalo ni jina la babu yangu mzaa mama. Laini ikakoroma. Akaniomba nilirudie, polepole, herufi kwa herufi, ili aliandike bila kukosea. Nikalirudia.